Jaramogi Oginga Odinga: Mgombea aliyezuiwa mlangoni

MWISHONI mwa Machi 2025, ndege iliyombeba Raila Odinga ilitua Juba. Alikuja akiwa mjumbe wa Rais William Ruto wa Kenya, siku chache tu baada ya Makamu wa Kwanza wa Rais, Dkt Riek Machar, kuwekwa katika kizuizi cha nyumbani. Miezi saba baadaye, Oktoba 15, Raila alifariki dunia akiwa India. Alikuwa amewania urais wa Kenya mara tano, mwaka 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na mara zote hakutangazwa mshindi.

Kwa wasomaji wetu waliokulia Kakuma, Kitale au Nairobi enzi za ukimbizi, jina hilo halihitaji utambulisho. Picha zake walizikuta ukutani katika vibanda vya kinyozi na nyuma ya matatu. Lakini wapo wengi, hasa vijana waliorudi baada ya 2005, ambao hawajui kwamba mtu huyo alirithi kazi ya kugombea kutoka kwa baba yake, na kwamba baba huyo naye alionja kizuizi cha nyumbani.

Baba huyo ni marehemu Jaramogi Oginga Odinga. Mtoto alishindwa mara tano kwenye kura. Baba, kabla ya hapo, alipitwa na chaguzi kuu tano mfululizo bila jina lake kuonekana kwenye karatasi ya kura. Hakushindwa na mtu yeyote katika chaguzi hizo. Alizuiwa mlangoni kabla watu hawajaulizwa.

Huko Marekani kulikuwa na mwanasiasa aitwaye Harold Stassen. Alichaguliwa gavana wa jimbo la Minnesota mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 31 tu, na watu wakadhani siku moja atakuwa rais. Tangu miaka ya 1940 hadi 1992 alirudi tena na tena kutaka tiketi ya chama chake cha Republican, na hakuipata hata mara moja. Mwishowe akawa kichekesho cha magazeti. Yeye hakufungiwa mlango na mtu. Alifika, akahesabiwa, akaonekana hatoshi.

Hadithi ya Jaramogi ni tofauti, na ndiyo maana hakuna aliyemcheka.

Mtoto wa Ramogi

Oginga Odinga alizaliwa yapata mwaka 1911 huko Bondo, katika eneo la Nyanza ya Kati, si mbali na Ziwa Victoria. Masimulizi ya Waluo yanasema wazee wao walitoka upande wa Bahr el Ghazal, wakaufuata mto Nile kwenda kusini, na kiongozi wao aliyewafikisha Nyanza aliitwa Ramogi. Kwa hiyo jina Jaramogi maana yake ni mtu wa Ramogi. Mwacholi wa Magwi akiwasikiliza wafanyabiashara wa Kisumu wakiongea kwao, hukamata neno hapa na pale. Ndugu hawa waliachana njiani tu.

Alisoma Maseno, kisha Alliance, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda, akarudi kuwa mwalimu. Wamishonari walikuwa wamembatiza kwa majina ya kwenye Biblia. Aliyaacha akabaki na yale ya kwao, na watoto wake nao akawapa majina ya Kiafrika, jambo ambalo miaka ile lilimletea ugomvi na watu wa kanisa.

Lakini hakuanzia kwenye siasa. Alianzia dukani, na hili litawagusa wale wanaovuka Nimule na Kaya kila wiki. Katika miaka ya 1940 biashara ya Nyanza ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Mwafrika aliuza kuku na mahindi kando ya barabara, akanunua kila kitu kingine kwenye duka la mwingine. Odinga aliona kuwa watu wasio na mtaji hawawezi kusikilizwa na serikali yoyote.

Mwaka 1947 shirika lake la Luo Thrift and Trading Corporation likasajiliwa. Alizunguka kutoka mji hadi mji akiuza hisa kwa Waluo wenzake, wengi wao vibarua wa reli na watumishi wa mijini, hadi Uganda na Tanganyika. Shirika lilifungua maduka, likajenga jumba la Ramogi House mjini Kisumu, likaendesha kiwanda cha uchapaji. Halikumtajirisha yeyote, na lilikuwa na matatizo mengi ya fedha. Lakini katika safari hizo za kukusanya hisa, Odinga alijulikana na watu ambao baadaye wangempigia kura. Chama cha Luo Union kikampa cheo cha Ker, yaani mkuu wa jamii, na hapo ndipo jina la Jaramogi lilipomganda.

Kura ya kwanza

Machi 1957, Waingereza waliwaruhusu Waafrika wa Kenya kuchagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu. Tena si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi uwe na elimu, mali, kipato au utumishi fulani, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu.

Odinga aligombea Nyanza ya Kati dhidi ya B. A. Ohanga, Mwafrika aliyekuwa waziri kwa uteuzi wa serikali ya kikoloni. Alimshinda. Aliingia barazani na kofia yake ya shanga na usinga mkononi, katikati ya waheshimiwa waliovaa suti na tai.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo wengi walidhani lingemmaliza. Jomo Kenyatta alikuwa bado kifungoni kwa kesi ya Mau Mau, na serikali ilimtaja kama kiongozi wa giza. Juni 1958 Odinga alisimama barazani akatamka kuwa Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi ambao Waafrika wanawaheshimu. Wajumbe wa Kizungu walimpigia kelele, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walimruka. Odinga hakurudi nyuma. Taratibu wengine wakajiunga naye, na jina la Kenyatta likarudi midomoni mwa watu.

Agosti 1961 Kenyatta aliachiliwa huru. Kanu, chama ambacho Odinga alikuwa makamu wa rais wake, kikashinda uchaguzi wa 1963. Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Kuvunjika kwa urafiki

Hapakupita muda. Odinga alitaka ardhi iliyochukuliwa na walowezi igawiwe wasio na ardhi, bila ya wao kubeba deni la kuinunua. Alikuwa na uhusiano na Moscow na Peking, na alikuwa amewatuma vijana wengi kwenda kusoma nchi za Mashariki. Wenzake serikalini, akiwemo Tom Mboya, waliegemea Magharibi na waliona njia ya kununua na kuuza ndiyo ya kufuatwa. Februari 1965 rafiki yake mkubwa wa siasa, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi.

Machi 1966, katika mkutano wa Kanu uliofanyika Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kilifutwa na mahali pake pakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na jiji la Nairobi. Odinga hakuambiwa aondoke. Kiti chake kilikatwa vipande tu. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, KPU.

Hapo ndipo mbinu ya mlangoni ilipoanza. Katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Juni 1966 ukafanyika uchaguzi ulioitwa uchaguzi mkuu mdogo. Odinga alishinda Bondo, lakini KPU iliambulia viti saba vya Bunge na viwili vya Seneti.

Mwaka 1968 ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa KPU kote nchini walipeleka fomu zao. Zikakataliwa kwa maelezo kuwa hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa Kanu wakapita bila kupingwa. Hapakuhitajika kuiba kura, kwa sababu kura hazikupigwa.

Lakini pale uchaguzi uliporuhusiwa, matokeo yaliitia serikali hofu. Mei 1969 KPU ilikinyakua kiti cha Gem katika uchaguzi mdogo. Julai 5 mwaka huo Tom Mboya akauawa mchana kweupe jijini Nairobi, na Nyanza ikawaka hasira. Oktoba 25 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Walirushiana maneno makali na Odinga mbele ya umati, vurugu zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Watu waliuawa, na hata leo idadi yao inabishaniwa.

Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Odinga alitiwa kizuizini. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 ukafanyika bila yeye. Huo ulikuwa wa kwanza kumpita.

Miaka ya kubisha hodi

Aliachiliwa Machi 1971, akarudi Kanu mwaka huo huo. Wapo waliomlaumu kwa kurudi. Lakini chama kilikuwa kimoja, na asiye ndani hakuwa na mahali pa kugombea.

Ndani nako aligundua kuwa kadi haitoshi. Mgombea alihitaji kibali cha makao makuu. Ukinyimwa kibali, hakuna mpiga kura wa Bondo aliyeweza kukusaidia, hata kama wote wangekutaka. Mwaka 1974 alinyimwa. Mwaka 1977 alijitokeza kuwania uongozi wa juu katika uchaguzi wa ndani wa Kanu, na uchaguzi wenyewe ukafutwa dakika za mwisho. Kenyatta alifariki Agosti 1978, Daniel arap Moi akashika hatamu, na wengi wakadhani mlango sasa utafunguka. Mwaka 1979 Odinga alinyimwa tena, pamoja na George Anyona na wakongwe wa KPU.

Kisha ikaja nafasi ambayo ilikuwa karibu kabisa. Moi alikuwa amempa uenyekiti wa bodi ya pamba, dalili ya kupatana. Mwaka 1981 mbunge wa Bondo, Hezekiah Ougo, alijiuzulu kiti ili kumpisha mzee. Kila kitu kilikuwa tayari. Odinga akaenda Mombasa, na katika hotuba yake huko akamtaja marehemu Kenyatta kuwa mnyakuzi wa ardhi. Kibali kikafutwa. Bondo ikafanya uchaguzi bila yeye.

Wapo wanaosema mzee alijiponza kwa ulimi, kwamba angenyamaza wiki chache tu angeingia bungeni. Huenda ni kweli. Lakini ni vigumu kumtenganisha Odinga wa Mombasa na yule wa 1958 aliyesema jambo ambalo halikutakiwa kusemwa. Ulimi uliomfungia mlango ndio ule ule uliomfungulia Kenyatta wa gerezani.

Mwaka 1982 yeye na Anyona walikuwa wakipanga kuanzisha chama cha kijamaa. Odinga akafukuzwa Kanu, Anyona akatiwa kizuizini, na Juni mwaka huo Bunge likapitisha kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Yaani kwa sababu watu wawili walikuwa wakitaka kusajili chama, Katiba ya nchi nzima ilibadilishwa.

Agosti 1 lilitokea jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga. Raila alikamatwa na kuzuiliwa kwa miaka. Novemba Odinga mwenyewe aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani Kisumu, hakutoka hadi Oktoba 1983. Mwezi mmoja kabla ya kutoka, Moi alikuwa ameitisha uchaguzi mkuu. Huo ukawa wa nne kumpita, na alikuwa akiusikia redioni tu. Ule wa 1988, ambao mchujo wake ulifanywa kwa watu kupanga foleni nyuma ya wagombea, ulimkuta nje ya chama pekee kilichoruhusiwa. Ukawa wa tano.

Mlango unafunguka

Mwaka 1991 Odinga alikuwa na umri wa karibu miaka 80, macho yakianza kuchoka. Februari alitangaza chama kipya, National Democratic Party. Msajili alikataa. Agosti akaungana na Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz kuanzisha Ford. Kwa ujanja hawakuiita chama, waliita jukwaa la kurejesha demokrasia. Serikali iliwakamata na kuvunja mikutano yao, lakini safari hii upepo ulikuwa umegeuka. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Novemba nchi wafadhili zikasimamisha misaada mipya, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Basi baada ya miaka 22, mzee akapewa karatasi ya kura. Na hapa ndipo hadithi inapouma.

Ford, iliyokuwa na nguvu ya kuiangusha Kanu, ilipasuka mwaka 1992. Kenneth Matiba, aliyekuwa ameugua akiwa kizuizini na kwenda kutibiwa Uingereza, alirudi akitaka urais. Odinga naye aliutaka. Hakuna aliyempisha mwenzake. Wakaachana, mmoja na Ford-Asili na mwingine na Ford-Kenya, huku Mwai Kibaki akiwa na chama chake cha DP. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, na Odinga 17. Wapinzani wakijumlishwa walipita asilimia 60, lakini urais haukujumlishwa. Ni kweli vilevile kwamba uchaguzi huo haukuwa safi. Watu waliuawa na kufukuzwa makwao katika Bonde la Ufa, na serikali ilimwaga pesa mitaani. Hata hivyo Odinga alikuwa wa nne. Jina lililoogopwa kwa zaidi ya miaka 20 lilipowekwa mbele ya watu, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walichagua jina jingine.

Alishinda kiti cha Bondo, na akaongoza upinzani bungeni. Mwaka 1993 alianza kuzungumza na Moi kuhusu ushirikiano, na watu wake wakagawanyika. Mwaka huo huo alikiri kupokea shilingi milioni mbili kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara aliyekuwa katikati ya kashfa ya dhahabu ya Goldenberg. Alisema ni mchango wa kawaida. Vijana kama Paul Muite, waliokuwa wamemfuata kama baba, wakaondoka. Doa hilo halikufutika katika muda mfupi uliombakia. Alifariki mjini Kisumu Januari 20, 1994, akazikwa Bondo.

Tunajifunza nini?

Ukimpima Jaramogi kwa vyeo, utasema alishindwa. Umakamu wa rais alikaa nao chini ya miaka miwili, na urais hakuupata. Ukimpima kwa usafi, lipo doa la 1993. Ukimpima kwa umoja, yeye na Matiba walibeba lawama ya 1992 pamoja.

Lakini kipo kipimo kingine. Yeye alidai kwa miaka mingi kwamba watu waulizwe, na walipoulizwa wakamkataa. Huko kukataliwa ndiko alikokuwa akikupigania. Mwaka 2002 Kanu iliondolewa kwa kura, bila risasi, miaka minane baada ya yeye kufa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu hata mtu asiye na chama kugombea. Mgombea wa leo wa Bondo hahitaji kwenda Nairobi kuomba kibali cha rais.

Sisi hapa Juba tunaijua thamani ya karatasi ya kura kuliko wengi. Januari 2011 watu walilala kwenye foleni, wengine wakiwa wamerudi kutoka Khartoum, Adjumani na Kakuma kwa ajili ya siku hiyo moja. Tangu uhuru hatujapanga foleni nyingine kama ile hadi Septemba 2024, viongozi walipotangaza kuusogeza uchaguzi wa Desemba mwaka huo hadi Desemba 2026. Tumezoea kuuliza ni lini kura itapigwa na nani atazihesabu. Maisha ya Jaramogi yanatufundisha swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: nani anaamua ni jina lipi litaandikwa kwenye karatasi? Fomu zinazokataliwa mezani hazina damu wala kelele, na kwa hiyo hazipigwi picha.

Mfanyabiashara wa Konyo Konyo akienda Kisumu leo kutafuta mzigo, akapatwa na homa njiani, huenda akapelekwa katika hospitali kubwa ya rufaa ya mji huo. Ni ile ile iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambayo ufunguzi wake mwaka 1969 uliishia kwa risasi na kumpeleka Odinga kizuizini. Wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia. Bango la langoni limeandikwa Jaramogi Oginga Odinga.